Nani Atageuza Santuri?

Hotuba iliyotolewa Kisumu, katika ukumbi wa kanisa, Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba

Amosou uduto. Mulembe. Chamgei. Na nyinyi wageni wetu wa Nakuru mlioamka usiku wa manane ili mfike kabla jua halijawaka, karibuni ziwani. Samaki wako jikoni, harufu yake mmeisikia wenyewe.

Nilipopigiwa simu ya kuombwa nizungumze leo, niliambiwa niseme juu ya presha na sukari. Nikakataa. Wauguzi wetu wale pale, wamekuja na mashine zao za kupimia, na watasema wao baada ya chakula. Mimi niliomba niachiwe waimbaji. Kazi ninayoijua maishani ni moja: niliuza santuri. Niliingia kwenye duka moja la santuri hapa mjini mwaka 1972, nikiwa msichana wa miaka 18, nikakaa nyuma ya kaunta ile miaka 11. Baadhi yenu humu ndani niliwauzia mimi. Sura zenu nazikumbuka, na mlichonunua nakikumbuka zaidi ya sura.

Vijana, ngoja niwaeleze duka lilivyokuwa. Juu ya mlango palikuwa na spika kubwa inayotazama barabarani. Asubuhi nikifungua, kazi ya kwanza ni kufuta vumbi kwenye sindano, kazi ya pili ni kuweka wimbo. Kabla ya saa nne veranda imejaa. Wengi hawakuwa na pesa ya kununua, walikuja kusikiliza, na bosi hakuwafukuza kwa sababu alijua mwisho wa mwezi watarudi. Walikuja wanaume wa reli siku ya mshahara, wavuvi wa Dunga wakiwa bado na magamba mikononi, walimu kutoka Maseno na Vihiga. Mteja hakujua jina la wimbo. Alisema tu, "Nipe ile inayokwenda hivi," halafu anapiga mluzi. Nilijifunza kusoma mluzi kama wengine wanavyosoma gazeti. Mluzi mmoja mfupi, tayari mkono wangu uko kwenye rafu.

Na santuri yenyewe ilikuwa ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika tatu na kitu, basi. Lakini nyimbo zetu hazikuwa za dakika tatu. Bendi ya benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, ikianza, mwimbaji anasema maneno yake kwanza, anasalimia, anawataja watu, gitaa linamjibu taratibu. Utamu wenyewe uko mbele, pale sauti inaponyamaza na gitaa la solo linaachiwa njia, besi inakimbia chini yake. Kwa hiyo wenye studio walikata wimbo katikati. Sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Ukinunua santuri moja umenunua wimbo mmoja.

Sasa piga picha ya dansi ya mtaani, Kaloleni, Jumamosi usiku, karabai inanguruma. Watu wamekolea. Wimbo unakatika! Miguu inasimama. Lazima mtu ainue sindano, ageuze sahani, aishushe tena. Watu walibaki wameshikana mikono palepale walipo, wakipumua, hakuna anayeongea. Ndiyo kimya ninachokikumbuka kuliko muziki wote. Kisha sindano inakwaruza, trrr, na upande wa pili unaingia tayari ukiwa moto.

Mtu wa kugeuza alikuwa mwenye kinanda, yaani mashine ya santuri, na mwenye kinanda hachezi. Hiyo ilikuwa sheria, maana akiondoka tu mlevi mmoja atakuja kukalia mashine. Kijana aliyekuwa akileta kinanda Kaloleni alikuwa karani wa bandarini. Alikuwa akibandika senti 10 juu ya mkono wa sindano ili isirukeruke sakafu ikitikisika. Niliona jinsi anavyoishusha ile sindano, kama anamlaza mtoto. Nilikaa naye miaka 41 katika ndoa, na amelala nyumbani kwetu huko Gem tangu mwaka juzi.

Mniwie radhi. Nirudi kwa waimbaji.

Miaka ile ukitaja Daudi Kabaka kila mtu anasimama. Twist ilikuwa yake. Watu wa Vihiga walidai ni mtoto wao na walikuwa na haki. Alifanya kazi na studio ya Equator kule Nairobi, pamoja na Fadhili William, yule ambaye sauti yake ndiyo iliyouweka "Malaika" kwenye santuri. Juu ya nani aliutunga "Malaika" watu wamegombana na bado wanagombana, leo sitaingia huko. Ninachowaambia ni kwamba Miriam Makeba aliuimba, Boney M wakauimba, dunia nzima ikaucheza, na mzee wako wa Kisumu aliujua kabla yao. Na "Helule Helule" ya Kabaka, mwaka 1968 bendi ya Kiingereza ya The Tremeloes iliichukua ikaipandisha kwenye chati za Uingereza. Kabaka na Fadhili wote wawili tuliwapoteza mwaka mmoja, 2001.

Kwa watu wa Kisa na Butere, hakuna aliyemfikia George Mukabi. Alifariki 1963, hata Jamhuri yenyewe haijazaliwa, na mimi nilikuwa nauza santuri zake miaka kumi baadaye kama mkate wa moto. Gitaa moja kavu, vidole viwili vitatu, na kando yake mtu anakwaruza chupa ya Fanta. Msicheke, vijana. Chupa ya Fanta ya zamani ilikuwa na mikunjo ya kioo ubavuni, ukipitisha kipande cha chuma juu yake inatoa mlio ambao ngoma haiwezi. Mtindo ule waliuita omutibo. Abana ba Nasery wa Bunyore waliushika na kuutunza, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waingereza wakawarekodi, wale wale na chupa yao. Mama mmoja wa Luanda aliniambia mwezi uliopita kwamba baba yake alipiga marufuku soda nyumbani kwa sababu watoto hawakurudisha chupa, walizifanya bendi.

Halafu benga. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo iliyonilisha.

Benga ilitoka kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Ukimsikiliza mpiga nyatiti hodari, utasikia nyuzi mbili zikijibizana upesi upesi na kidole cha mguu kikigonga. Vijana wa Kijaluo waliokuja kushika gitaa waliyahamishia mazungumzo yale huko. Kulikuwa na Victoria Jazz na George Ramogi, kulikuwa na Ochieng Kabaselleh aliyeimba mapenzi hadi watu wazima wakaona haya, kulikuwa na Collela Mazee. Na alikuwepo D.O. Misiani wa Shirati Jazz. Yeye alizaliwa 1940 ng'ambo ya mpaka, Shirati, Tanzania, akaja kufanya jina huku kwetu. Aliimba kwa mafumbo: fisi, simba, watu wa Biblia, wafalme wa zamani. Wewe unacheza, mwenzako ameinamisha kichwa anafumbua. Serikali nayo ilikuwa inafumbua, na aliwahi kukamatwa kwa ajili ya nyimbo zake. Alifariki Mei 2006, kwa ajali ya barabarani, hapa hapa Kisumu.

Kitu ambacho hakiandikwi sana ni majina. Wimbo wa benga umejaa majina ya watu halisi, pakruok yenyewe hiyo. Mtu anasifiwa, ukoo wake unatajwa, kijiji chake kinatajwa. Siku moja aliingia mzee mmoja wa Ugenya, ameshika kofia mkononi. Akaniuliza kama nina santuri fulani. Nikamwekea. Ikafika mahali, akanyanyua kidole, akasema, "Hapo. Huyo ni mama yangu." Mwimbaji alikuwa amemtaja mama yake kwa jina, kwamba alimkaribisha na kumlisha siku ya mvua. Mzee yule alinunua santuri sita. Nikamuuliza za nini zote. Akasema ana ndugu watano. Nina hakika katika nyumba sita huko Ugenya sahani ile bado ipo chini ya kitanda, na wajukuu hawajui kwamba mama wa babu yao ametajwa humo.

Benga hiyo ilikwenda mbali. Oluoch Kanindo, mtu wetu, alikuwa anatoa santuri kwa lebo aliyoiita Sungura. Zilifika hadi kusini mwa Afrika, na Zimbabwe hadi leo wana muziki wao wanaouita sungura. Kule Kericho, Chandarana alikuwa anarekodi watu wa pande zote, Waluo, Waluhya, Wakisii, na Wakipsigis wenyewe wa mashamba ya chai. Nawaona Wakalenjin mnatikisa vichwa, mnamngoja Kipchamba arap Tapotuk. Nimemtaja. Sasa mtulie.

Za Kiswahili hazikuwa na kabila. Gabriel Omolo na "Lunchtime" yake, jinsi watu wa ofisini wanavyoipitisha saa ya chakula cha mchana, mwingine hotelini, mwingine amejilaza kwenye nyasi njaa inamuuma. Makarani waliununua wakicheka na macho yamelowa. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, tulipata habari Januari 1979 kwamba gari limemuua Mombasa, na siku ile spika ya dukani haikubadilishwa, tulimpiga yeye tangu asubuhi hadi tukafunga. Mwaka huo huo Les Wanyika wakaja na "Sina Makosa". Hiyo sikuwa na haja ya kuiweka kwenye spika. Niliagiza kasha, likaisha kabla sijalipanga kwenye rafu.

Na Lingala! Super Mazembe, Franco, Tabu Ley. Hatukuelewa neno na tuliimba yote, kila mtu kwa maneno yake. Mbilia Bel alipoingia, mwaka 1982, 1983, niliona kitu kipya. Miaka yote ile mwanamke akija kununua santuri alisema ametumwa na mume wake. Hata kama anatingisha bega. Mbilia Bel ndiye wa kwanza niliyeona akina mama wanakuja kumwomba kwa jina lake, na pesa wamefunga wenyewe kwenye kitambaa. Mama yangu uliyekaa karibu na dirisha unanitazama hivyo, unajua ninasema nani.

Nakuru, sijawasahau. Jim Reeves. Mnasema sisi wa ziwani hatumwelewi, lakini mimi nililala na Jim Reeves nyumba moja miaka 41, maana karani wangu wa bandarini hakuwa mtu wa benga. Mimi nataka Misiani, yeye anataka Mmarekani wa sauti ya asali. Tulipeana zamu, Jumamosi yangu, Jumapili yake baada ya kanisa. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Nashville mwaka 1964. Kwa hiyo karibu kila mtu niliyemuuzia Jim Reeves alinunua sauti ya marehemu, na wengi hawakujua. Nilipomwambia mume wangu alinyamaza, kisha akasema, "Basi tumweke vizuri." Tangu siku ile alianza kuifuta sahani kwa kitambaa cha pamba kabla ya kuiweka.

Sasa nina jambo zito la kusema, na nimelibeba miaka mingi.

Mwaka 1976 aliingia dukani mwimbaji mmoja. Jina lake halitatoka kinywani mwangu, na jina la duka vilevile, maana wote wawili hawapo kujibu. Alikuwa amevaa koti la dansi lililopauka mabegani. Wimbo wake ulikuwa unalia juu ya kichwa chake, kwenye spika yetu. Akaniuliza kwa upole, "Dada, hii yangu imeuzika ngapi?" Bosi alikuwa nyuma ya pazia. Aliniambia tangu zamani: wakiuliza, sema chache. Nikasema, "Chache tu, kaka." Siku hiyo nilikuwa nimefungua kasha la tatu. Akashukuru. Akaenda zake kwa miguu, na wimbo wake ukamsindikiza hadi kona.

Nilikuwa na miaka 22 na nilihitaji kazi. Sijitetei. Lakini kuna watu waliotuchezesha ujana wetu wote wakazikwa kwa mchango, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema "chache". Tangu niache kazi sijauweka wimbo ule. Nimeuleta leo.

Ndiyo sababu nikaanza daftari. Hili hapa, la pili sasa, la kwanza limejaa. Nikikutana na mzee mwenzangu namuuliza: ulimpenda nani? Halafu naandika. Mwimbaji, wimbo, ulisikia wapi, ulikuwa na nani. Sikuwahi kufikiri swali hilo lina nguvu namna hiyo. Muulize mzee, "Habari ya afya?" atakwambia mgongo. Muulize alimpenda mwimbaji gani akiwa na miaka 20, anakaa wima. Mzee mmoja wa Kondele ambaye watoto wake waliniambia haongei tena, alinisimulia kwa saa mbili jinsi alivyotembea kutoka Ahero hadi mjini kwenda kumwona Ramogi, viatu mkononi ili visichakae, akavivaa mlangoni. Binti yake alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi akasimama tu. Kumbe hakujua baba yake amewahi kuwa na viatu vya dansi.

Wako wanaokataa, na nawaheshimu. Waliokoka, wakachoma santuri zao, na sasa ni wazee wa kanisa. Mama mmoja aliniambia, "Hayo niliyaacha msalabani." Sawa, mama. Nilifunga daftari tukazungumza habari za mahindi. Nilipoaga alinifuata hadi kwenye lango, akaangalia nyuma, akaninong'oneza jina moja. Nimeliandika, la kwake nimeliacha wazi.

Vijana, nawaomba hivi. Nyimbo hizi mnazo kwenye simu, mnaziita za wahenga, mnazicheza kwenye arusi na matanga. Vizuri. Lakini simu haiwezi kukwambia ni nani kati ya hawa waliokaa hapa alikuwa veranda siku ile. Mkitoka hapa, kila mmoja akae na mzee wake, achukue jina moja la mwimbaji, aliandike na aandike hadithi yake. Kama kuna santuri chini ya kitanda, msiioshe kwa sabuni ya unga, nimeona hilo likifanyika na moyo ukaniuma. Maji safi, kitambaa laini, iacheni ikauke kivulini ikiwa imesimama. Ishikeni kwenye ukingo. Na mwangalie upande wenyewe kabla ya kuiweka. Mahali palipopendwa pamegeuka kijivu, sindano imepapitia sana. Mahali ambapo hapakupendwa bado panang'aa. Mtaona wazee wenu walirudia wapi.

Nafikiri nimesema vya kutosha, na wauguzi wanaangalia saa.

Kinanda kile pale mezani ni cha marehemu mume wangu. Fundi wa Kibuye amekitia mkanda mpya jana. Senti 10 yake ipo, nimeibandika mwenyewe. Wimbo nitakaouweka ni wa yule kaka wa koti lililopauka. Mkimtambua, msitaje jina kwa sauti, njoo uniandikie kwenye daftari. Wenye magoti mazuri simameni, wenye magoti mabaya shikeni viti, mabega yanatosha.

Ni santuri ya pande mbili, na aliyekuwa akinigeuzia hayupo. Upande wa kwanza ni dakika tatu na kitu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwenye kinanda asogee hapa karibu nami.